Mwongozo wa Kutumia Bastola ya Joto Bila Kusoma Maelezo Yake

Hongera kwa kununua kipimajoto cha infraredi. Umekitoa kwenye boksi, umetia betri, umebonyeza kifyatulio, kitone chekundu kimeruka ukutani, na tayari jirani anakuita mtaalamu. Mwaka 2020 vifaa vya ukoo huu vilisimama kwenye mageti ya benki, hoteli na maofisi. Leo vimehamia gereji, jikoni na kwa mafundi wa friji. Ndani ya boksi mna karatasi ya maelezo. Itupe. Mwongozo huu unamtosha yeyote anayetaka heshima ya kupima bila usumbufu wa kupata jibu sahihi.

Hatua ya 1: Simama mbali

Mtaalamu mwenye hadhi hasogei. Ubavuni mwa kifaa pameandikwa 12:1, namba ambayo wewe utaichukulia kuwa pambo. Wenye kiherehere huifanyia hesabu: ukiwa sentimita 12 kutoka kwenye kitu, kifaa kinapima duara lenye upana wa sentimita 1, ukiwa sentimita 60, duara lina upana wa sentimita 5, ukirudi nyuma hadi mita 2.4, limefika sentimita 20. Eneo linalopimwa hupanuka kama mwanga wa tochi, ila macho hayalioni. Unachokiona ni kitone cha leza, nacho hakipimi chochote. Kazi yake ni kulenga tu, na kwenye vifaa vingi hata katikati ya duara hakikai sawasawa.

Kwa hiyo, ukiwa mlangoni mwa gereji, elekeza kitone kwenye bolti moja ya injini. Kifaa kitachukua bolti, kitachukua mpira wa maji, kitachukua na mkono wa fundi, kisha kitakupa namba moja iliyochanganya vyote vitatu. Itangaze kwa sauti: "Nyuzi 58!" Huenda hakuna kitu chochote ndani ya boneti lile chenye nyuzi 58, lakini mteja hana cha kubishia. Wapo watakaokukumbusha kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hao husogea mpaka kitu kiwe kikubwa kuliko duara, ikiwezekana mara mbili yake. Waache wachafue mashati.

Hatua ya 2: Penda vinavyong'aa

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, na kifaa chako huipokea na kuigeuza namba. Lakini vitu haviko sawa katika utoaji. Ngozi ya binadamu, maji, mbao na mpira hutoa karibu mionzi yote inayotarajiwa kwa joto lao. Alumini iliyosuguliwa haitoi hata sehemu moja ya kumi. Kilichobaki ni kioo cha kuakisi joto la vitu vya jirani. Wataalamu huupa ukarimu huo namba kuanzia 0 hadi 1 na kuuita emisiviti. Vifaa vingi vya bei nafuu vimefungwa kwenye 0.95, na havina habari kama umevielekeza kwenye ugali au kwenye kijiko cha chuma.

Basi chukua sufuria mpya inayometameta, chemsha maji mpaka yatokote, kisha pima ubavu wake. Kifaa kitakuambia sufuria ni vuguvugu. Umepima bati la paa kupitia sufuria, na umepima vizuri kabisa. Sasa mwendee mama lishe anayepikia kuni, ambaye sufuria yake imevaa masizi mpaka shingoni. Pima kwenye masizi yale yale ambayo mama mkwe huyanung'unikia kila akija, na namba itakaribia ukweli, kwa sababu masizi hutoa mionzi kwa ukarimu. Hata William Herschel, aliyegundua mionzi hii Uingereza mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliopita kwenye prizimu, alitumia vipimajoto vilivyopakwa weusi. Yeye alikuwa na subira. Wewe una wateja.

Wanaopenda kuhangaika hubandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye chuma kinachong'aa, husubiri tepu ipate joto la chuma, kisha hupima tepu. Hukumbuka pia kwamba tepu nyingi za aina hiyo huandikwa kikomo cha nyuzi 80, kwa hiyo hawaibandiki kwenye eksozi. Wakikuta joto kubwa zaidi hutafuta rangi nyeusi isiyong'aa ya kuhimili moto. Unaona mwenyewe jinsi maisha yao yalivyo magumu.

Hatua ya 3: Pima kupitia kioo

Kioo unakiona, unaona kilicho nyuma yake, kwa hiyo kifaa nacho kitaona. Mantiki haina dosari, ila kifaa hakikubaliani nayo. Vifaa hivi vingi hupokea mionzi yenye mawimbi ya mikrometa 8 hadi 14, na katika masafa hayo kioo cha kawaida ni ukuta. Ukipima mkate ulio ndani ya oveni kupitia mlango wa kioo, umepima mlango. Mlinzi akimpima dereva ambaye hajashusha dirisha, amepima dirisha, na dirisha halina homa.

Mvuke, moshi na vumbi pia husaidia sana kuharibu jibu. Inama juu ya sufuria ya wali, acha lenzi ipate ukungu, halafu usiifute. Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia jikoni penye moto, pima papo hapo. Waoga husubiri hadi nusu saa ili kifaa kizoee hewa ya mahali.

Hatua ya 4: Iamini ngozi ya kuku

Kuku amekaa juu ya jiko, ngozi imekauka, kifaa kinasoma nyuzi 150. Pakua. Kifaa hiki husoma uso wa kitu tu. Cha ndani hakijui wala hakijawahi kudai kukijua. Nyama ya kuku huhesabiwa kuwa salama ikifika nyuzi 74 katikati ya mnofu, na huko hufika kipimajoto cha sindano peke yake. Lakini sindano haina kitone chekundu, na bila kitone wageni watajuaje kwamba unapika kisayansi?

Kwenye karai la chipsi fanya vivyo hivyo. Pima mafuta ya juu bila kuyakoroga, ukiwa umeinama kabisa ili tone likiruka likukute.

Hatua ya 5: Simamia geti

Kwanza, hakikisha umebeba kifaa cha gereji. Cha hospitali hukosea kwa nyuzi 0.2 au 0.3 hivi, cha gereji huruhusiwa kukosea kwa nyuzi 2 kila upande. Mtu mzima wa afya mwenye nyuzi 37 anaweza kusoma 35, akachekwa, au 39, akarudishwa nyumbani.

Pili, mpime mgeni akiwa ameshuka kwenye bodaboda dakika hiyo hiyo, upepo na jasho vikiwa bado pajini. "Shikamoo mzee, naomba paji la uso." Nyuzi 34. Kitabibu, mwili ulioshuka chini ya 35 unahitaji msaada wa haraka. Getini, mzee anakaribishwa ndani. Anayemfuata amesimama juani kwenye foleni, kwa hiyo yeye ana homa. Wasumbufu wangewaweka wote wawili kivulini kwanza, wafute jasho, kisha wapime paji kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji, na anayefika nyuzi 38 wampime upya kwa kipimajoto cha kwapani kabla ya kumtia hofu.

Tatu, ukikutana na anayeogopa kwamba mionzi itamharibu ubongo, mpime kwenye kifundo cha mkono, ambako ngozi huwa na baridi kuliko pajini, na mwachane kwa amani. Usimweleze kwamba kifaa kinapokea mionzi inayotoka mwilini mwake na hakimpigi infraredi yoyote. Usimweleze pia kwamba leza ya kifaa cha gereji ni mwanga wa kweli, na kwamba hiyo ndiyo ya kuogopwa ikielekezwa machoni. Tuliogopa kisichokuwepo, na kilichokuwepo tukawapa watoto wacheze nacho.

Hatua ya 6: Fungua rejeta

Hapa ndipo masomo yote yanapokutana. Gari limechemka. Simama mbali, lenga kifuniko cha rejeta kinachong'aa, soma nyuzi 45, kisha fungua. Ndani, maji yaliyobanwa na presha yamepita nyuzi 100 bila kutokota, na yanangoja nafasi ya kutoka. Hatua hii hufanywa mara moja. Kwa kawaida mtu harudii.

Kwenye umeme nako mambo ni hivyo hivyo. Kwa kuwa kifaa hakigusi, fungua boksi la fyuzi mwenyewe, ingiza mkono ulioshika kifaa, na usimwite fundi umeme. Umbali uliokataa kuufupisha kwenye bolti, ufupishe hapa.

Neno kwa wale walioshindwa kufuata mwongozo

Wapo madereva wa malori ambao kifaa hiki kimewafaa kweli. Wakimaliza kuteremka mlima Kitonga, husimama mahali salama na kupima dramu za breki moja baada ya nyingine, kwa umbali ule ule, pembe ile ile, kwenye sehemu ile ile ya chuma kilichoparara. Hawaitafuti namba takatifu. Wanatafuta tofauti. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake huenda breki yake imeng'ang'ania. Lililo baridi kuliko wenzake huenda halikushika kabisa, na mzigo wote umebebwa na mengine. Kwa ulinganisho huo hata kifaa cha bei nafuu husema jambo la maana. Nao hukikagua mara kwa mara: hujaza kikombe barafu na maji kidogo, hukoroga, hupima uso wake. Kikisoma karibu na sifuri, safari inaendelea.

Kifaa hakijui uongo. Hujibu swali lililoulizwa, hata kama muulizaji hajui ameuliza nini. Kabla ya kubonyeza, jiulize unapima kitu gani, ukiwa umbali gani, na uso wake unatoa joto lake au unaakisi la wengine. Na mahali penye hatari ya kuungua, kuugua au kupigwa na umeme, namba ya kifaa hiki isiwe shahidi wako wa pekee.