Mapanga Matano, Upepo wa Kuomba

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ana ugonjwa wa kuhesabu. Simu anaisifia idadi ya kamera, harusi anaisifia idadi ya masufuria. Kwa hiyo alipotukuta tunaishi chini ya pangaboi la mapanga matatu, la bati, lililopauka, alituonea huruma ya kweli. Wiki iliyofuata akatuletea la mapanga matano: mbao kwa kuangalia, plastiki kwa kugonga, taa katikati, na vijikufu viwili vya dhahabu ya uongo vya kuvuta. Muuza duka wa Kariakoo alikuwa ameshamlisha maneno: "Bosi wangu, tatu ni za madarasani. Tano ndiyo upepo."

Basi upepo wenyewe ndio huu. Joto la Februari la Dar es Salaam mnalijua. Nimekaa chini ya mapanga matano bila shati, na pangaboi linazunguka kwa heshima zake zote. Jana nzi alitua juu ya panga mojawapo, akazungushwa, akashuka mwenyewe alipotosheka.

Nimejaribu kumweleza shemeji. Panga linaposukuma hewa, linaacha nyuma yake hewa iliyovurugika. Panga linalofuata likiwa karibu mno linakuta kazi imeshafanywa, kama mtu aliyefika shughulini sinia la pilau limebaki mifupa. Halafu kila panga ni mzigo kwa mota. Ukiongeza mapanga na mota ikabaki ileile, mwendo unapungua. Ukitaka mapanga matano yakupe upepo wa maana, weka mota yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo watengenezaji wengi wa vitu vya bei chee wanapobania. Fedha imekwenda kwenye vijikufu.

Kule Marekani mapanga manne na matano yameenea majumbani, lakini wenzetu wana kiyoyozi. Feni kwao inachanganya tu hewa iliyokwisha kupoa, tena polepole na kimyakimya, na inapendezesha dari. Sisi tunataka jasho likauke. Feni haipoozi chumba hata nyuzi moja, mota yake ndiyo inakiongezea joto kidogo. Kinachokupoza ni hewa inayokimbia juu ya ngozi, na ili ikimbie, mapanga nayo lazima yakimbie. Matatu mepesi yanakimbia. Philip Diehl, mhandisi aliyefanya kazi na Singer, hawa hawa wa cherehani, alipotundika mota ya cherehani darini miaka ya 1880, aliipa mapanga mawili tu. Watu wakapoa.

"Mawili?" shemeji akacheka. Nikamwambia hata moja linatosha. Miaka ya 1930 Wamarekani walirusha ndege ndogo zenye pangaboi la Everel, lenye panga moja upande huu na kipande cha uzito upande wa pili ili lisiyumbe. Na kwa hesabu za wataalamu, panga moja halina mwenzake wa kulivurugia hewa, kwa hiyo halina hasara hiyo.

"Hiyo ilikuwa imevunjika," akasema shemeji, na mjadala ukaishia hapo kwa siku ile.

Kinachonikera ni kwamba duniani kote watu hutafuta sababu kabla ya kuongeza panga. Ile mitambo ya upepo kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, iko 365, na yote ina mapanga matatu. Mawili yangepunguza gharama, lakini mtambo unapogeuka kuufuata upepo, mapanga mawili yakiwa wima unageuka kirahisi, yakilala unakuwa mzito, kwa hiyo unatikiswa kila mzunguko. Matatu yanasawazisha. La nne lingeongeza gharama kubwa kwa umeme kiduchu.

Ndege ya kivita ya Waingereza, Spitfire, ilianza na mapanga mawili, ikapanda hadi matatu, manne, ikafika matano. Hakuna shemeji aliyehusika. Injini yake ilitoka kwenye nguvu za farasi kama 1,000 hadi zaidi ya 2,000, na nguvu hiyo ilihitaji pa kwenda. Kurefusha mapanga kusingefaa: yangekwangua ardhi, na ncha zake zikikaribia mwendo wa sauti zinapiga makelele na kupoteza nguvu. Ndiyo maana hata hizi Dash 8 Q400 zinazotupeleka mikoani zina sita kila upande, wakati Caravan ndogo za mbugani nyingi zina matatu. Meli ya Wafaransa, Normandie, ilianza safari mwaka 1935 ikitetemeka upande wa nyuma, abiria wakateseka, wakaibadilishia rafadha za mapanga matatu wakaweka za manne. Hata feni ya kompyuta yangu ina mapanga saba na vishikizo vinne, ili mapanga yasipite mbele ya vishikizo kwa pamoja na kupiga kelele moja kubwa.

La kwangu lina matano kwa sababu ya sebule. Na linatetemeka kuliko Normandie. Nilimwita fundi, akapanda ngazi, akayashika mapanga moja moja kama anakagua ndizi sokoni, kisha akatangaza kwamba manne ni ndugu na la tano ni mtoto wa nje. Mapanga hupimwa uzito kiwandani na kufungashwa kwa seti, akasema, na huyu katoka boksi jingine. Ukitazama vizuri hata rangi yake ya mbao imezidi wekundu. Akaniomba sarafu ya mia mbili, akaibandika kwa selotepu juu ya panga lililo jepesi, akawasha, akazima, akaisogeza kidogo, akawasha tena. Mtetemo ukapungua. Kisha akabadilisha kapasita, akanitoza fedha ambayo sitaitaja kwa kuwa mama watoto anasoma safu hii. Upepo bado wa kuomba.

Juzi shemeji kaja na habari mpya. Eti sasa kuna feni isiyo na panga hata moja: pete tupu, mkono unapita katikati, na upepo unatoka! Alikuwa amefadhaika kabisa, maskini, hana cha kuhesabu. Nikamwambia hiyo ni ya Dyson, ilitoka mwaka 2009, na mapanga inayo. Yamefichwa ndani ya kitako, yanavuta hewa na kuipandisha kwenye pete.

Akafikiri kidogo.

"Mangapi?"

"Tisa."

Akatoa simu yake ya kamera nne akaanza kuulizia bei.