Misingi ya Unasojiendea: Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi, kaa sawasawa na ufungue daftari. Taaluma unayoingia leo ni Unasojiendea, yaani elimu ya kunasa vipindi vya televisheni ya kulipia kwa ajili ya maktaba ya shule wakati mkutubi mwenyewe hayupo. Wapo wanaoichanganya na ufundi wa deki. Fundi wa deki hushughulika na mkanda uliokwama. Sisi tunashughulika na uhusiano baina ya kipindi kinachopita na mkutubi aliyelala, na uhusiano huo, tangu mwanadamu ajue kuandika, haujapata kuchunguzwa inavyostahili.

Tuanze na fasili, kwa kuwa asiye na fasili hana adabu.

1. Mnaso ni kipindi kilichokamatwa na mkanda. Kipindi kilichotazamwa bila kunaswa si mnaso. Ni starehe, na starehe haina rafu katika maktaba.

2. Mtegeshaji ni yule aliyeiwekea deki saa na chaneli, kisha akaenda zake. Akibaki kuchungulia kama inanasa, amejivua utegeshaji na kuwa mtazamaji wa kawaida.

3. Utokuwapo ni hali ya mtegeshaji kutokuwepo. Upo Utokuwapo Mwepesi, wa mtu aliyetoka kunywa kahawa, na Utokuwapo Mzito, wa mtu aliyelala fofofo. Katika mhadhara huu nitashughulikia ule mzito peke yake. Ule mwepesi una kozi yake, muhula wa tatu.

4. Mwombaji ni mwalimu aliyekitaka kipindi. Huyu mkumbuke.

Uwanja wetu wa utafiti ni Marekani, kuanzia mwaka 1989, pale kampuni za kebo zilipoanzisha mpango wa Cable in the Classroom: shule ziunganishiwe kebo bila malipo, na zipewe vipindi vya kufundishia visivyokatizwa na matangazo ya biashara. CNN ikaleta CNN Newsroom, Discovery ikaleta Assignment Discovery. Vingi kati ya vipindi hivyo vilirushwa kabla ya mapambazuko, saa ambayo darasani hakuna hata mlinzi. Mtu wa mitaani atakwambia vilirushwa alfajiri kwa sababu muda huo hauna watazamaji wala faida. Mimi nashikilia kwamba vilirushwa alfajiri ili Utokuwapo Mzito upate kitu cha kufanya.

Hapa lazima tuingie katika sheria, na nakuomba usisinzie. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua katika kesi ya Sony na Universal kwamba mtu kunasa kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Lakini shule si nyumbani, hata kama walimu wa bweni watabisha. Shule ilikuwa na andiko lake, lililotangulia. Mwaka 1979 mbunge Robert Kastenmeier wa Wisconsin aliteua kamati ya wawakilishi wa elimu, wenye hakimiliki na vyama vya wasanii, na mwaka 1981 mwongozo wao ukachapishwa katika kumbukumbu za Bunge. Nimeusoma mwongozo huo nikiwa nimevaa tai.

Unasema hivi: shule inaweza kukaa na mnaso siku 45 za kalenda mfululizo, kisha iufute au iuharibu mara moja. Katika siku 10 za kwanza za masomo, mwalimu anaweza kuuonyesha mara moja darasani, na mara ya pili pale tu somo linapohitaji kukaziwa. Baada ya hapo, hadi siku ya 45, hauonyeshwi tena kwa wanafunzi. Anautazama mwalimu tu, apime kama unafaa kuingizwa katika mtaala. Kwa hiyo mnaso una rika tatu, na istilahi zake ni zangu: Mnaso Mbichi, Mnaso Mtawa na Mnaso Marehemu. Ukiingia maktaba yoyote ya zama zile ungezikuta zote tatu kwenye rafu moja, kwenye maganda meusi yanayofanana, na mkutubi pekee ndiye angejua yupi ameshakufa.

Sasa fika kwenye kiini. Mwongozo unafafanua kwamba siku za masomo hazihesabu wikendi, sikukuu, likizo, kipindi cha mitihani na vikatizo vingine vilivyopangwa. Vilivyopangwa! Je, theluji? Majira ya baridi Minnesota shule hufungwa ghafla kwa theluji, na theluji haikupangwa na mtu. Wafuasi wa Upangisti wanadai kwamba, kwa kuwa haikupangwa, siku hiyo inahesabika, na mnaso unaendelea kuiva wakati watoto wanatupiana mabonge uwanjani. Wafuasi wa Ukutanisti wanajibu kwamba siku ambayo darasa halikukutana haiwezi kuitwa ya masomo. Mimi ni Mkutanisti, lakini wa tawi la wastani: natofautisha theluji iliyotangazwa jioni ya kuamkia siku hiyo, ambayo kwa kutangazwa imekuwa kama imepangwa, na theluji iliyoanguka alfajiri mtegeshaji akiwa ndani ya Utokuwapo Mzito. Ya kwanza haihesabiki. Ya pili pia haihesabiki, lakini kwa sababu tofauti kabisa, na atakayezichanganya sababu hizo kwenye mtihani atapata sifuri.

Lipo pigo kubwa zaidi. Mwongozo unakataza kunasa mara kwa mara kwa kutarajia maombi; lazima mwalimu aombe kwanza. Deki uliyoitegesha inase kila Jumatatu alfajiri inafanya nini kama si kutarajia? Basi mashine yetu inaruhusiwa kujiendea, lakini hairuhusiwi kutumaini. Wanafalsafa wa Ugiriki hawakufika hapa.

Hapo ndipo watu wa televisheni ya kulipia wanapopumua, kwa sababu mwongozo unahusu vituo vinavyopokewa na umma bila malipo tu. Chaneli za kebo zimeachwa nje. Katika mpango ule wa 1989 kila chaneli ilijipangia masharti yake ya kipindi kipi kinaswe na mnaso ukae muda gani. Rafu ikawa na mikanda mapacha kwa sura, kila mmoja na tarehe yake ya kufa. Mkutubi mzuri hufahamika kwa jinsi anavyopita mbele ya rafu hiyo: polepole, midomo ikihesabu.

Tuje kwenye aina za Mnaso Mkosefu, ambazo ndizo mkate wetu wa kila siku.

Aina ya kwanza ni Mnaso Jirani. Deki nyingi zilipokea kebo kupitia chaneli ya 3, zikinasa chochote ambacho kisanduku cha kebo kimeachwa kikionyesha. Deki inaamka kwa wakati, kwa uaminifu wote. Kisanduku nacho kimeachwa kwenye chaneli ya hali ya hewa. Mwalimu wa historia anaomba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anapokea saa mbili za mawingu ya Ohio. Usicheke. Mawingu hayo ni mnaso halali kwa kila kigezo isipokuwa cha kuombwa.

Aina ya pili ni Saasitiko. Umeme ukikatika, saa ya deki hurudi 12:00 na kupepesa, nayo kwa hesabu yetu ni saa sita isiyofika saa saba. Hapa ndipo pia panapohusika kusogezwa kwa saa kila masika na vuli. Angalia Arizona: sehemu kubwa ya jimbo hilo haisogezi saa, hivyo mkutubi wake hujiona salama. Kumbe masika yakifika chaneli inayorushwa kwa ratiba ya pwani ya mashariki imesogea, na kipindi kinamfikia saa moja kabla ya alivyozoea. Ndiye mtu pekee ninayemjua katika historia aliyekosa kipindi kwa kutobadilika.

Aina ya tatu, Ukatamkia, inatokana na tamaa. Mkanda wa T-120 hubeba saa mbili kwa kasi ya kawaida na saa sita kwa kasi ndogo kabisa, yenye picha kama ya kuangalia kupitia chandarua. Mtegeshaji anayependa picha safi hukosa mwisho wa kipindi. Mnyonge hudhani amekosa majina ya wapiga picha tu. La! Mwongozo unataka kila nakala iwe na tangazo la hakimiliki kama lilivyorushwa, na tangazo hilo kwa desturi hukaa mkiani. Aliyekata mkia amekata uhalali.

Aina ya nne nitaipitia haraka, kwa kuwa inahusu kijipande cha plastiki mgongoni mwa mkanda. Kikivunjwa, hakuna kinachonaswa tena juu ya mkanda huo. Kuna watu huziba tundu kwa selotepu. Sina la kuwaambia.

Wengine watakwambia kwamba matatizo haya yaliisha mwaka 1990, kampuni ya Gemstar ilipoleta VCR Plus+, namba fupi zilizochapishwa gazetini pembeni ya kila kipindi, ambazo ukizibonyeza deki inajua tarehe, saa na chaneli. Hayakuisha, yalipata hesabu. Mwaka 1992 jarida la Cryptologia lilichapisha makala ya kuvunja siri ya namba hizo, na waandishi wake watatu ndio wanazuoni pekee ambao ningewaalika nyumbani kwangu.

Aina ya tano ndiyo ngumu, na inaitwa Mnaso Kamilifu Yatima. Una kichwa, una mkia, una tangazo, kijipande kimevunjwa, lebo imeandikwa kwa wino usiofutika. Ni siku ya nne. Mwombaji amehamishiwa shule nyingine. Mwalimu aliyechukua nafasi yake hakuuomba, na mwongozo unamtambua aliyeomba. Mkutubi anaushika mkononi mnaso ambao ni mbichi, hauna doa, na hauna wa kuuonyesha. Nimewahi kuwasimamia wanafunzi wawili wa uzamili katika suala hili. Mmoja sasa anauza vitambaa.

Zoezi: mwombaji huyo anarudi siku ya 46 kuuliza habari za mkanda wake. Eleza nani alipaswa kuufuta, kwa ombi la nani, na kama anayefuta anaruhusiwa kutazama anapofuta. Kurasa nne, upande mmoja wa karatasi, pambizo ya sentimita tatu.