Taa za Spoti kwenye Hilux ya Zamani: Mwongozo wa Asiyetaka Kuunguza Gari

Umeshaamua. Pikapu yako, Hilux LN106 ya dizeli, yenye umri wa kupiga kura na bado inapanda mlima, itafungwa taa za spoti kwenye bampa, na utazifunga mwenyewe. Hongera sana. Nina ombi moja tu: leo usinunue kitu. Taa zinazong'aa dukani humsahaulisha mtu mzima na akili zake kwamba kila gari lina mfumo wake wa umeme, na mwenye duka hana haraka ya kumkumbusha.

"Hii inaingia gari zote, bosi." Maneno hayo utayasikia Kariakoo, utayasikia Gerezani, na ukivuka mpaka utayakuta Kirinyaga Road, Nairobi, yamefika kabla yako. Kinachoingia gari zote ni vumbi. Vingine vyote vina namba.

Anza na volti. Hilux ni ya volti 12. Canter nyingi na malori karibu yote ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatanishwa. Dukani vifaa vya aina zote mbili hukaa rafu moja, na balbu zake zina umbo lilelile: H4 ya volti 12 ni wati 60/55, ya volti 24 ni wati 75/70. Ukifunga ya 24 kwenye Hilux utapata mwanga wa njano usiofika hata kwenye shimo lililo mbele yako. Ukifunga ya 12 kwenye lori, itaaga dunia papo hapo. Relei nazo ni hivyohivyo. Geuza kifaa, soma maandishi kwenye kitako chake, kisha ndiyo uulize bei.

Kitu cha pili ni namba. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17; lina msimbo wa modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Iandike kwenye simu yako. Spea za Toyota nazo zina mpangilio: herufi na tarakimu kumi, tano kabla ya kistari na tano baada yake, na zile tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa. Ukiona 90915, unajua ni filta ya oili hata kabla ya kufungua boksi. Mteja anayefika kaunta na namba huhudumiwa tofauti kabisa na anayechora hewani kwa vidole akieleza "ile ya mviringo, ina kama masikio".

Kama pia unabadilisha taa kubwa, sikiliza vizuri hapa. Spea nyingi za mtumba hutufikia kutoka Dubai na Sharjah, na huko wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Kioo cha taa ya huko hutupa mwanga wa dimu juu zaidi upande wa kulia. Ukiifunga Tanzania au Kenya, tunakoendesha kushoto, mwanga ule unamwingia machoni moja kwa moja dereva anayekuja. Huyo ni mtu mwenye watoto nyumbani. Taa ya Japani haina tatizo hili kwa sababu wao pia wanaendesha kushoto. Iwashe mbele ya ukuta kabla ya kulipa: mwanga wa dimu unatakiwa upande juu kuelekea kushoto kwako.

Sasa mchoro wa nyaya. Mafundi umeme wa siku nyingi wana nakala zilizotolewa fotokopi mpaka mistari imefifia. Omba, piga picha, rudisha. Rangi zimeandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza: B ni nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, G kijani, na L, kwa sababu B imeshachukuliwa, ni bluu. R-Y ni waya mwekundu wenye mstari wa njano. Kisha fungua boneti ulinganishe. Pale utakapokuta waya mwekundu umesokotwa na wa kijani na kufungwa tepu iliyoyeyuka, usiutafute kwenye mchoro. Huo haukutoka Japani. Uliwekwa na aliyefunga alamu, au redio, au aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Ufuate mpaka mwisho wake, ujue unalisha nini, ndipo uamue kuuondoa.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye magari mengi, swichi ya taa hupeleka chanya kwenye balbu, na balbu imeshaunganishwa na bodi. Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka ya 80 na 90 ziko kinyume: chanya hufika kwenye balbu zote pamoja, na swichi ya fuli na dimu ndiyo inayounganisha hasi. Mtu asiyejua hili hufunga relei kama alivyozoea, mguu mmoja kwenye waya wa fuli, mwingine kwenye bodi. Matokeo yake yanachekesha ukiwa hauko barabarani: akiweka dimu, spoti zinawaka, akiweka fuli, zinazima. Fundi wa pili anabadilisha relei, wa tatu anabadilisha swichi, na relei na swichi zote zilikuwa nzima.

Chukua mita. Mchomo mweusi weka kwenye hasi ya betri, na mwekundu uingize kwa nyuma ya plagi ya taa kubwa, balbu ikiwa imechomekwa. Washa dimu. Kama mguu wa pamoja, yaani unaotumiwa na fuli na dimu zote mbili, unasoma sifuri, mfumo ni wa kawaida. Kama unasoma volti 12, huku mguu wa dimu ukiwa karibu na sifuri na ule wa fuli nao ukionyesha 12, hasi ndiyo inayowashwa. Sukuma swichi kwenye fuli: hiyo miwili itabadilishana. Basi namba 86 ya relei iunganishe na waya wa pamoja wa chanya, namba 85 na waya wa fuli. Namba 30 itoke betri kupitia fyuzi, namba 87 iende kwenye spoti, na hasi ya spoti ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Spoti zitawaka na fuli na kuzima na dimu, kama heshima ya barabara inavyotaka.

Hesabu ni fupi. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa 12, unapata takriban ampea 9.2. Kwenye waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 5 unapoteza volti moja njiani, na kwa balbu ya kawaida volti hiyo moja huondoka na karibu robo ya mwanga uliougharimia. Waya wa 2.5 hupoteza theluthi moja tu ya volti. Fyuzi iwe ya ampea 15, ile ya bluu, na ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda. Waya ukipiga shoti hapo, moto hauulizi nani alifunga.

Unaponunua waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu ndani, ni shaba, hata kama juu umepakwa bati. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyovishwa koti la shaba. Mrudishie mwenyewe kwa upole.

Ukimaliza, washa fuli na spoti kwa dakika kumi huku injini inaunguruma, kisha shika kila kiungo kwa vidole. Chenye moto kifungue ukibane upya. Halafu chora ulichoongeza, pamoja na rangi za nyaya na ukubwa wa fyuzi, na ubandike karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi, ili atakayeinunua Hilux hiyo kesho asianze kuutafuta waya wako kwenye mchoro wa Toyota.