Itifaki Imezingatiwa

Mhadhara ulipangwa kuanza saa tisa alasiri. Ulianza saa kumi na robo kwa sababu Bingwa (ndivyo alivyojiandika kwenye bango, kwa wino mwekundu) hakukipenda kiti. Kikaletwa cha pili, kikaletwa cha tatu chenye mikono. Hapo ndipo alipokohoa mara mbili, akagonga maikrofoni kwa kidole chenye pete na kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa.

Nadharia yake ilikuwa moja, naye aliitamka kama taarifa ya Ikulu: tamthilia ya nyimbo huota katika udongo wa taifa kama muhogo. Ung'oe popote, mizizi itatoka na udongo wa kwao.

Muhogo wa kwanza ulikuwa "Oklahoma!" Ulipanda jukwaa la Broadway mwaka 1943, ukaonyeshwa mara 2,212, na mwaka 1953 wimbo wake ukafanywa wimbo rasmi wa jimbo la Oklahoma. "Sauti ya mkulima!" alinguruma Bingwa. Sauti hiyo, kwa bahati mbaya, ilitungwa na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, wazaliwa wa New York, mji ambao ng'ombe huonekana zaidi kwenye sahani. Mwenye udongo alikuwa Lynn Riggs, mtu wa asili ya Wacherokee aliyezaliwa huko huko kabla halijawa jimbo. Mchezo wake ndio waliouchukua. Lakini jukwaani hakuna Mcherokee hata mmoja. Bingwa alilimaliza hilo upesi: walikuwa nyuma ya pazia.

Akavukia Austria. Alifumba macho, mkono kifuani, akausifu "Edelweiss" wa "The Sound of Music" kama wimbo wa mababu wa milimani. Watalii wengi wamekwisha kudanganyika hivyo hivyo. Uliandikwa Marekani mwaka 1959 na Rodgers na Hammerstein hao hao, na ndio wimbo wa mwisho Hammerstein aliouandika kabla ya kufa mwaka uliofuata. Katibu alimpenyezea kikaratasi. Bingwa alikisoma, akakikunja mara nne, akanywa maji.

Ufaransa nayo haikumhurumia. Ule muziki wa dansi ya kan-kani unaowatambulisha Waparisi duniani kote ni kazi ya Jacques Offenbach, mzaliwa wa Cologne, Ujerumani. Vita ya 1870 kati ya nchi hizo mbili ilipozuka, Wafaransa wakamwona Mjerumani, Wajerumani wakamwona msaliti. Bingwa alisema udongo wakati mwingine husafiri.

Kwenye "The Lion King" ya 1997 ndipo alipojiona yuko nyumbani. Akapiga meza: Simba! Rafiki! Kiswahili kimeiteka Broadway! Hakutaja kwamba Rafiki huyo anafungua onyesho kwa Kizulu, kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini, wala kwamba nyimbo nyingine kadhaa ni za Waingereza wawili, Elton John na Tim Rice. Mama mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono, akakaza kanga yake kiunoni.

"Samahani, mwalimu. Yule fisi anaitwa Shenzi. Kwetu ukimwita mtu hivyo mnafikishana kwa balozi. Na Pumbaa, ni mzazi gani huyo aliyempa mwanawe jina hilo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bingwa akajibu kwamba huo ni utani wa kimataifa.

Kisha akasimama kijana aliyekuwa kimya muda wote. Akauliza kuhusu mchezo wa "Ngaahika Ndeenda" wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mwaka 1977. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, walijenga jukwaa kwa mikono yao, wakaigiza na kuimba kwa Kikuyu mambo ya ardhi na mishahara yao wenyewe. Baada ya wiki chache serikali ikafuta kibali. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

"Sasa mwalimu," kijana akasema, "huo si ndio muhogo wenyewe?"

Bingwa alitazama saa. Alisema mchezo huo haukufika Broadway, kwa hiyo uko nje ya mada. Kijana akabaki amesimama. Bingwa alikwisha kumgeukia katibu, maikrofoni ikiwa bado wazi, akimuuliza kama nauli ya kurudi imo katika bahasha ile ile ya posho au ina bahasha yake.