Sukari ya Saa Nne

Saa nne asubuhi mke wangu alinituma sukari. Duka liko kilomita mbili tu kutoka kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, na mtu mwenye akili angepanda bodaboda. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimenunua trekta.

Sikuinunua ya kulimia. Ni Ferguson TE20, zile ndogo za kijivu zilizoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano. Yangu ililala miaka mingi kwenye banda la kuku, na mpaka leo ikipata moto hutema manyoya. Usitafute kitufe cha kuwashia. Unasukuma gia hadi kwenye herufi S, starta inazunguka; kwa hiyo haiwezi kuwaka ikiwa ndani ya gia ikaruka na wewe. Harry Ferguson, aliyeibuni, alitujua watu kama sisi.

Shemeji yangu, dereva wa matatu, aliomba kuitoa hadi barabarani. Nilisahau kumwambia kwamba hapa mafuta huongezwa kwa mkono, kwa wenzo ulio chini ya usukani. Yeye akayatafuta kwa mguu wa kulia, na mguu wa kulia una breki. Alivyozidi kutaka mwendo ndivyo trekta ilivyozidi kugoma, naye akazidi kukanyaga. Ilipozimika akashuka, akajipangusa manyoya, akasema nimeuziwa chuma chakavu.

Nikaenda peke yangu. Sikufika mbali, mzee mmoja akanipungia fimbo nisimame. Akaweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Alipokuwa kijana, akasema, alikuwa akiichotea maji trekta kama hii kwenye shamba la mzungu. Mzee wa pili akavuka barabara kuja kumwambia kwamba injini yake ni ya Mmarekani. Wa kwanza akaapa ni ya Mwingereza. Nikaona nina cha kuwapatanisha: za mwanzo zilifungwa injini ya Continental ya Marekani, baadaye ikaja Standard ya Uingereza. Wote wawili wakanigeukia.

"Wewe ulizaliwa lini?"

Nikazima injini ili tusikilizane. Hilo ndilo kosa lililonigharimu siku nzima, kwa sababu ilikataa kuwaka tena. Tarehe 4 Januari 1958 mpanda milima Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini na trekta hizi hizi, juu ya barafu. Yangu ilishindwa kufika dukani kwa lami.

Plagi moja kati ya nne ilikuwa imekufa. Kijana wa bodaboda aliniletea nyingine kutoka mjini, na hela ya sukari ikaishia hapo. Saa kumi jioni niliingia nyumbani na wazee wawili, kila mmoja juu ya madigadi yake kama wapambe wa bwana harusi.

Mke wangu hakuuliza kitu. Akawamiminia chai isiyo na sukari. Mzee wa kwanza akaonja, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema chai ya siku zile ilikuwa hivi hivi. Kisha akapapasa mfuko wa koti, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaitazama.

"Chumvi," akasema. "Mama watoto alinituma chumvi."