Kocha wa Risasi

Kwenye vibanda vya kubeti vya Musoma mbwa hukimbia mchana kutwa bila kula: wembamba, namba mgongoni, wanazunguka ndani ya skrini. Mimi nilitaka wangu, wa kupumua. Mjomba wa Bunda akanipa mmoja mwenye miguu mirefu na mbavu za kuhesabika. Nikamwona kabisa kuwa ana damu ya greihaundi. Bwana mifugo akasema ana minyoo.

Nikampa dawa, dagaa wa Mwigobero na jina: Risasi. Greihaundi wa kweli hufikia karibu kilomita 70 kwa saa, na huwinda kwa macho, ndiyo maana uwanjani hutanguliziwa sungura wa bandia anayevutwa kwa mtambo. Mtambo wangu ulikuwa bodaboda. Sungura, soksi iliyojazwa pamba. Risasi aliitazama soksi ikiondoka, akaketi.

"Bosi," dereva akasema aliporudi, "huyu anasubiri kupakiwa."

Nikaondoa soksi, nikafunga kichwa cha sato. Hapo walikimbia mbwa wote wa Bweri isipokuwa wangu. Dereva aligeuka, akaona kundi lile nyuma yake, hakusimama mpaka barabara kuu. Nauli ya kurudi ikawa juu yangu, pamoja na soda ya kumtuliza.

Majirani walicheka, lakini Risasi ana wenzake wenye hadhi. Mwaka 1937, Mwingereza Kenneth Gandar-Dower aliwashindanisha duma waliotoka Kenya na greihaundi katika uwanja wa Romford, karibu na London. Kasi walikuwa nayo, tena ya kutosha kumwaibisha mbwa yeyote. Shida ilikuwa hamu: duma akishaona mwenzake katangulia, haoni sababu ya kujichosha. Duma, jamani! Sasa mbwa wa Bunda alaumiwe kwa lipi?

Sikukuu ilipofika nikaenda naye Butiama kwa shangazi, kupumzika tu. Jogoo akakatiza uani. Risasi alichomoka hata kamba ikabaki mkononi mwangu: wakapita chini ya kamba ya nguo, wakazunguka jiwe kubwa, wakatokomea migombani. Nikatoa simu haraka nipime muda.

Shangazi akatoka jikoni na mwiko.

"Baba, huyo jogoo ni wa wakwe wanaokuja Jumamosi. Nani atanilipa?"

"Shangazi, shikamoo tena. Umeona alivyokata kona?"