Asilimia ya Nini?

Kwenye ofisi yetu ya mikopo hapa mjini Kisii tuna mashine ya kuhifadhi data iliyojaa kwa asilimia 44, asilimia 64 na asilimia 80, zote kwa wakati mmoja. Sitanii. Meneja aliuliza mkutanoni tumetumia nafasi kiasi gani, watu watatu wenye tai wakampa majibu matatu, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake kwenye karatasi.

Ngoja nikuhesabie, maana mimi karani ndiye hutukanwa kaunta mitambo ikikwama. Tulinunua diski 8, kila moja ya terabaiti 4. Nane mara nne ni 32. Ndizo zilizoandikwa kwenye risiti na ndizo tulizolipia. Kijana wetu wa kompyuta akazipanga kwa mtindo wa RAID 6, ambao diski mbili zinaweza kufa siku moja na data isipotee. Jambo jema, kwa umeme wetu huu. Ila usalama huo una bei yake: nafasi ya diski mbili imekwenda na maji. Tukabaki na 24.

Kuwasha skrini, inasoma 21.8. Mzee mmoja wa kamati ya ununuzi akauliza kama tumetazama vizuri ndani ya kartoni. Kumbe kiwandani terabaiti ni baiti trilioni moja kamili, ilhali mashine yetu inazidisha 1,024 kwa 1,024 hadi ziwe nne, inapata zaidi ya trilioni moja, na hivyo terabaiti zake ni chache. Tangu 1998 vipimo hivi viwili vina majina tofauti rasmi, lakini majina hayo hayajawahi kufika kwenye risiti ya mtu. Kisha asilimia 20 ikatengwa kwa nakala za kila usiku. Zikasalia karibu 17.5.

Data yenyewe ni 14. Muuzaji wa mashine akagawa kwa 32, akapata 44, akatabasamu. (Alichanganya 14 za skrini na 32 za kartoni, yaani vipimo viwili katika hesabu moja, lakini hakuna aliyemkatiza.) Mhasibu akagawa kwa 21.8, akapata 64. Kijana wa kompyuta akagawa kwa 17.5, akapata 80, akaambiwa ana hofu nyingi. Mimi namuunga mkono kijana. Namba ya muuzaji ni ya kuuzia. Ya kijana ndiyo inayokwambia siku ya kukwama.

Huyo muuzaji alituahidi pia kwamba mashine ina akili: ikikuta data iliyojirudia inaweka nakala moja tu. Kijikaratasi chake kilisema 5 kwa 1. Kwetu imegoma kwenye 1.2. Sababu iko kaunta. Mwalimu kutoka Keroka akiomba mkopo, kitambulisho chake kinaskaniwa. Akirudi muhula mwingine kutafuta karo, kinaskaniwa tena, safari hii kimelala upande kidogo na kidole gumba cha karani kimeingia pembeni. Kwako wewe ni kitambulisho kilekile. Kwa mashine ni data mpya kabisa, na skana ilishaibana picha, haibaniki tena. Na kwa kuwa Keroka imekalia mpaka wa Kisii na Nyamira, tawi la Kisii lina faili la mwalimu na tawi la Nyamira lina lake, kila moja likiapa mteja ni wake.

Halafu kuna nafasi ambazo matawi yameahidiwa. Kisii imegawiwa terabaiti 12, Nyamira 12, Ogembo 10. Jumla 34, ndani ya 17.5! Wataalamu wana jina zuri la mtindo huu. Sisi wa huku tunaujua kama Probox ya Kisii–Nyamira: gari la watu 5 limebeba 10, wawili kwenye buti, dereva kagawana kiti na mwanafunzi. Na inafika, kwa sababu hakuna anayedai kiti kizima alicholipia. Ila kwenye diski hakuna kusogea kidogo. Nafasi ikiisha, matawi yote yanashindwa kuandika kwa pamoja, hata lile lililokuwa na adabu.

Nilipendekeza tufute vitu. Kimya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaki taarifa za mtu zikae muda mrefu kuliko shughuli iliyozileta, nasi tuna fomu za mikopo iliyokwisha kulipwa na za watu waliokwisha kuzikwa. Tena kuna folda inayoitwa MUHIMU SANA, terabaiti 2 nzima. Nimeifungua. Ni video za mahari ya nduguye meneja huko Nyamira, kamera tatu, ng'ombe mmoja baada ya mwingine akipitishwa mbele ya wazee. Pale angalau kila mtu alikubali idadi.

Sasa basi, waheshimiwa wa kamati ya ununuzi. Bei ya diski nyingine 8 imeshafika mezani kwenu, nayo imeandikwa terabaiti 32. Kabla hamjatia sahihi, futeni folda ile, tushuke hadi asilimia 69 bure bila kutoa shilingi. Nywila anayo meneja.